Kumwagilia Mimi, Kuchuma Nyinyi

Jamani, mkipita huku Tabata alfajiri mkasikia mzee anagombana na konokono, msiite watu. Ni mimi. Akili ninazo timamu, ila nina bustani.

Bustani yenyewe usidhani ni ile ya kwenye kalenda. Ni kaeneo ka nyuma ya nyumba, hatua nane kwa tano, kati ya shimo la choo na kamba ya kuanikia nguo. Wazo lilikuwa la Mama Mwajuma. "Baba Mwajuma, umestaafu, utafute kitu cha kukuchangamsha." Mimi nilikuwa nimeshakipata, kinaitwa bao, pale chini ya mwembe. Kesho yake nikakuta chepe mlangoni.

Tuanze na kiangazi, maana ndipo nilipokomea. Januari kaskazi imeshika, jua la Dar linakaanga mpaka kivuli, na maji ya bomba ni ya mgao. Yanakuja saa nane za usiku. Kwanza bomba linakoroma kama mtu mwenye mafua, linatema upepo, halafu ndiyo unaona kiuzi cha maji. Naamka kukinga, madumu sita. Nina kopo la rangi la lita nne nimelitoboa kitako kwa msumari, matundu thelathini na mawili, nimeyahesabu mwenyewe. Hilo ndilo mvua yangu. Maua yakishashiba, mimi naoga kata tatu na kujifuta.

Sasa aliyeniweza kuliko wote ni bogenvilia. Huyo nilimpa dumu zima kila siku. Akanenepa! Majani kijani kibichi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, ua hata la kusingizia hakuna. Na pale ukutani kwa jirani ipo bogenvilia ambayo sijawahi kuona mtu akiipa hata maji ya kunawia mikono. Inawaka nyekundu mpaka wapita njia wanapigia picha. Nikamfuata kijana anayeuza miche kando ya barabara. Akacheka. "Mzee, hiyo haitaki kudekezwa. Ukiinyima maji ndiyo inachanua, ukiishibisha inakuotea majani tu." Halafu akanimalizia kabisa: yale mekundu nayo siyo maua, ni majani. Ua lenyewe ni kale kadude keupe ka katikati. Kwa hiyo miezi mitatu nimekesha na madumu kwa ajili ya mti unaotaka kuteswa, ili baadaye unilipe kwa majani.

Masika ikaingia. Nikasema Alhamdulillahi, madumu yapumzike. Thubutu! Maji yaliyokuwa hayaji sasa yakawa hayaondoki. Aprili yote bustani ni bwawa, ndala zangu zinaelea, na usiku wakafika wenye nyumba: konokono. Siyo hao wadogo wa mchezo. Wale wa saizi ya ngumi, gamba la kahawia lenye michirizi, wanatembea kama wana hati ya kiwanja. Mchana huwaoni hata mmoja. Mulika tochi usiku, utadhani mkutano wa hadhara. Na wanazaana hao! Konokono hana dume wala jike, kila mmoja ni vyote viwili. Wakikutana wawili, wote wanaweza kurudi nyumbani na mimba. Hakuna wa kudaiwa mahari, hakuna wa kukataa mtoto.

Nikawa naokota ndoo nzima naenda kuwamwaga ng'ambo ya mfereji. Ila nikawa na mashaka, mbona hawapungui? Nikampaka mmoja chokaa mgongoni. Alhamisi nimemtupa. Jumamosi namkuta kwenye waridi langu, anakula, na chokaa yake.

Hilo waridi lilitoka Lushoto, shemeji kalipakata ndani ya basi kama kitoto kichanga. Likafika hapa likanuna. Joto halitaki, udongo wa kichanga halitaki, mimi halinitaki. Na msiseme mkono wangu una nuksi. Kale kaua ka zambarau ka Usambara, Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alikapeleka kwao mwaka 1892, na mpaka leo kamejaa madirishani Ulaya, nje theluji, ndani kenyewe kanachanua. Kamevuka bahari kakatulia! Hili langu limeteremka mlima kwa basi, safari isiyomaliza siku, likagoma. Mpaka kipupwe, Julai, usiku una kaubaridi, ndipo likatoa ua moja, dogo, kama mtu anayepunguza deni kwa shilingi mia. Asubuhi ya pili kuku wa Mama Chausiku akalidonoa. Nikaenda kushitaki. "Pole, baba," akasema, "ila kuku hajui waridi."

Basi ikabaki vuli, na vuli ni asumini. Mvua mbili tatu tu, kichaka kinajaa vitumba vyeupe kama punje za mchele mkubwa. Vinafunguka magharibi, kwa hiyo wanaojua wanakuja alasiri. Na Tabata nzima inajua. "Hodi! Shikamoo, baba. Tunaomba asumini kidogo, kuna harusi." Kidogo yenyewe amekuja na sinia. Wanataka kusokota vikuba, vile vishada vya maua vya kutungwa kwa uzi wanavyojipambia wanawake, asumini peke yake haitoshi, mrehani nao wanaukata. Asiye na harusi anakata mrehani wa kufukuzia mbu. Saa nane za usiku na madumu sijawahi kusikia hodi hata moja.

Juzi nikakuta kitumba kimoja kimejificha chini ya jani. Nikasema leo na mimi nimo. Nikakitia mfukoni mwa shati, nikaenda kwenye bao. Jioni kikafunguka humo humo, ndani ya daladala watu wakawa wananigeukia, konda akaniita bwana harusi. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa.

Mama Mwajuma akanusa. Akanusa tena.

"Baba Mwajuma, asumini ya wapi hiyo?"

"Ya hapo nyuma."

"Ya hapo nyuma nimeichuma yote mwenyewe, nimempa Mama Chausiku. Nakuuliza ya wapi?"

Nikasema ngoja nitoe ushahidi. Nikaingiza vidole mfukoni, nikatoa kiua kimenyauka, kahawia, na uzi wa mfuko umejisokota kwenye kikonyo chake. Uzi! Asumini na uzi! Mke wangu katunga vikuba tangu akiwa mwari, hakuhitaji kuuliza tena.

Kwa hiyo leo nimelazwa kwenye kochi. Mbu ni wengi, mrehani wameumaliza, na hapo nje nasikia bomba limeanza kukoroma.