Ubuntu, Debian na Fedora kwenye laptopu moja: inalipa au ni kujitafutia kazi?

Vijana wengi hapa Tanga wanaojifunza kompyuta wana laptopu moja tu, tena ya mtumba, RAM 4GB na hadidiski ya 500GB, sasa kama unataka kuzijua sistimu endeshi kama Ubuntu, Debian, Fedora (hizi zote ni Linux) na labda FreeBSD (hii si Linux) utafanyaje? Kuna wanaosema zipige zote humo humo, ukiwasha unachagua. Wengine wanasema acha fujo, piga moja, zingine ziendeshe ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya ile uliyonayo.

Wale wa kwanza nawaelewa sana. VirtualBox inakula RAM, ukiwa na 4GB ukaipa sistimu ya ndani 2GB basi zote mbili zinakokota, halafu hujifunzi kitu kuhusu mashine yenyewe mana kadi ya mtandao na kadi ya picha unazoziona humo ni za kuigiza. Ukibuti moja kwa moja mashine yote ni yako. Na kugawa diski mwenyewe, ukajua kwa nini mpango wa zamani wa kugawa diski, MBR, unakubali patisheni (vipande vya diski) kuu 4 tu wakati ule mpya, GPT, kwa kawaida unabeba 128, hayo huyapati kwa kusimuliwa.

Ila kwenye kuwasha ndo watu wanalia. Kila moja ya Linux inakuja na GRUB yake, ile programu inayoleta menyu ya kuchagua sistimu ukiwasha. Kwenye mashine za zamani zinazowakia BIOS iliyopigwa mwisho ndo inashika mlango, zile zingine zikipata kerneli (kiini cha sistimu) mpya ile ya mlangoni haina habari mpaka uingie humo upige amri ya update-grub (Fedora ni grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg). Kwenye UEFI, ile iliyochukua nafasi ya BIOS, kila sistimu ina folda yake kwa hiyo zinaheshimiana, isipokuwa Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ambayo folda yake nayo inaitwa ubuntu, ukiiweka pamoja na Ubuntu zinaandikiana juu na menyu inabadilika bila wewe kuelewa. Halafu toka GRUB 2.06 ya mwaka 2021, os-prober, kile kiprogramu kinachotafuta sistimu zingine kwenye diski, mara nyingi kinakuja kimezimwa, sasa kijana wa Ngamiani hapa mjini anapiga sistimu ya pili, anaona menyu ina jina moja tu, anajua ile ya kwanza keshaifuta, anakimbilia kwa fundi, diski inafomatiwa nzima na mafaili yote yanaenda, kumbe ni mstari mmoja tu ndani ya /etc/default/grub, GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha update-grub. Inaniuma sana hii.

Kuna na bando. Sistimu tatu ni apdeti mara tatu, na ile usiyoifungua inakaa miezi bila viraka vya usalama. Hapo wale wa VirtualBox hawajaokoa kitu, na wao wanashusha zote.

Kwa hiyo kwa RAM 4GB mimi nasema piga mbili, basi. Usizishirikishe /home, folda ya mafaili na mipangilio yako, mana Firefox toka toleo la 67 la mwaka 2019 inakataa profaili iliyoguswa na toleo jipya zaidi, na sistimu mbili huwa hazina toleo moja. Tenga patisheni ya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) ya mafaili tu, zote ziisome. Ukipata 8GB, ya tatu iweke VirtualBox. FreeBSD isubiri diski yake yenyewe, Linux inaweza kuisoma UFS, mfumo wa mafaili wa FreeBSD, lakini kuandika humo si salama.