Nilitoa hita ya gari, mama mkwe akapepewa mwarobaini

Mimi hapa Mombasa nina Peugeot 504 ya 1980, aliniachia marehemu babu, na msinicheke manake 504 ilichukua Safari Rally 1975, nyinyi na vigari vyenu vya juzi mmechukua nini? Shida yake ilikuwa moja tu, hita. We fikiria Mombasa hii, mwezi wa pili, upepo umelala, jasho linakutoka mpaka kwenye kope halafu gari nayo inakupulizia moto miguuni. Koki ya kufunga maji ya moto yasiingie kwenye hita iliganda wazi, haifungi ng'o.

Fundi akanambia mbona kazi ndogo hiyo, hita yenyewe ni kijiredieta tu kimejificha nyuma ya dashibodi, mpira mmoja unaleta maji ya moto kutoka kwa injini na wa pili unayarudisha. Kitoe, mipira miwili iunganishe yenyewe kwa yenyewe, feni na boksi lake acha palepale, upepo utapata ila moto basi. Nikauliza bei. Aliponitajia nikaona hii nitafanya mwenyewe.

Jumamosi nzima niko chali chini ya dashibodi, miguu juu ya siti, majirani wakipita wanauliza kama ni mzima. Maji ya kutu yakanimwagikia kifuani, wacha hiyo. Mipira nikaiunga kwa kipande cha bomba la shaba, klipu mbili, nikakaza. Yakabaki matundu mawili palipopita mipira, na hayo ukiyaacha wazi joto la injini lote linahamia ndani, sasa raba za kuzibia sina, nikachukua magunzi ya mahindi. Yaliingia kama yamezaliwa pale! Nikawasha injini dakika kumi, hakuna hata tone. Feni sikuijaribu, si feni ni feni tu.

Kesho yake harusi Kilifi. Mama mkwe siti ya mbele, buibui jipya, kikuba cha asumini kifuani, udi unanukia gari zima. Kufika Mtwapa, jam, hakusogei.

"Mwanangu, gari hii haina upepo?"

"Upo mama, tena nimeutengeneza kwa mkono wangu." Nikasukuma swichi mpaka mwisho.

Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho sikukijua. Babu miaka yote alikuwa akiegesha chini ya mwarobaini, majani yanaingia kwenye yale matundu chini ya kioo cha mbele, yanateremka mpaka juu ya kijiredieta yanakwama hapo. Kumbe hita ndo ilikuwa chujio! Na mimi chujio nishalitoa, mzigo wote umening'inia huko juu unangoja mtu awashe feni.

Kwanza ikalia prrrr kama kuna njiwa amenaswa, ikanyamaza, halafu vikaja vyote pamoja, majani, vumbi, maganda ya njugu, na kiota cha panya (mwenyewe alishahama, alhamdulillahi) alichokijenga kwa sponji ya siti zangu. Nikapapasa swichi nizime, kidude chake kikabaki mkononi. Feni inapuliza tu. Makanga wa matatu iliyokuwa ubavuni akachungulia, "Mzee, mnapepeta mchele humo?"

Mama mkwe kimya. Akabandua jani mdomoni, akalinusa.

"Mwarobaini," akasema. "Nimeunywa tangu mdogo, sikujua kama kuna na wa kupepewa."

Mke wangu huko nyuma alicheka mpaka akalia wanja.

Kurudi mama alipanda matatu. Sisi tukaja wawili, na wallahi upepo ulikuwa baridi, safi, hauna hata unyasi. Tulipokaribia daraja la Nyali mke wangu akanusa, akaniuliza kama nasikia harufu ya mahindi ya kuchoma.

Nikamwambia huyo atakuwa muuzaji hapo barabarani.