80 jumlisha 79 ni 8079: kijana wa Kusini aanze na WordPress au na msimbo?

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, malori yanapishana kuelekea bandarini, siku ambayo binti mmoja wa Newala aliingia ofisini kwangu hapa Mtwara mjini na kompyuta mpakato aliyoifunga kwa kanga. "Shikamoo kaka." Nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Akaifungua kompyuta na kunionyesha ukurasa aliouandika mwenyewe kwa Notepad: visanduku viwili vya kuandikia kilo, kitufe cha kujumlisha, na chini yake nafasi ya jibu. Baba yake hupeleka korosho chama cha msingi, na yeye alitaka mzee awe na hesabu yake mkononi kabla ya kusomewa ya karani. Akaandika 80 kwa gunia la kwanza, 79 kwa la pili, akabonyeza. Jibu likatoka: 8079.

"Kaka, nimekosea wapi? Halafu kuna mwenzangu ananiambia napoteza muda, nijifunze WordPress nianze kulipwa. Nishike lipi?"

Swali hilo la pili naulizwa sana na vijana wa Mtwara na Lindi, wengine wako chuoni, wengine wamemaliza kidato cha nne na wako nyumbani wakijifunza kwa simu. Naona linajibiwa kwa pupa. Wanaoishi kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti kwa vipande vilivyo tayari, husema msimbo, yaani maagizo unayoiandikia kompyuta mwenyewe, ni mapambo ya wasomi. Wanaoandika msimbo husema WordPress si kazi ya fundi. Huyu binti angemfuata yeyote kati yao bila kupewa sababu, mwaka mzima ungeweza kumpotea.

Nianze na mwenzake, maana ana hoja nzito kuliko wengi wanavyokubali. WordPress ilitoka mwaka 2003, inapatikana bure, na leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Unakodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, unaisimika WordPress humo, unachagua kiolezo, yaani sura ya tovuti iliyotengenezwa tayari, unajaza maneno na picha. Sasa tazama wateja tulionao huku. Kuna mwenye nyumba ya wageni Mikindani, shule binafsi, parokia, duka la vifaa vya ujenzi. Wanachotaka ni picha, bei, ramani, namba ya simu na kitufe cha WhatsApp. Sijawahi kukutana na mteja hata mmoja aliyeniuliza tovuti yake imeandikwa kwa lugha gani. Kijana mwenye bidii anaweza kumaliza kazi ya namna hiyo ndani ya wiki. Isitoshe, WordPress imeandikwa kwa PHP, lugha ya programu zinazoendeshwa na seva, na seva za PHP ndizo rahisi kuzipata na ndizo za bei nafuu.

Kuna na suala la tumbo. Kijana anayedaiwa kodi ya chumba, ana wadogo zake wanaomtegemea, ukimwambia asome mwaka mzima kabla ya kushika shilingi, ataacha mwezi wa tatu. Nimewaona wakiacha, na hawakuwa wavivu. Malipo ya tovuti ya kwanza, hata yawe madogo, hununua bando na kumfanya mama yake nyumbani aache kuuliza kinachofanyika kwenye ile kompyuta usiku kucha. Mtu akiyapuuza haya namhesabu kuwa hajui maisha ya wanaomuuliza.

Lakini na mimi nilianza kwa njia hiyo, na nawajibika kusema ilinifikisha wapi. Miaka michache iliyopita nilimtengenezea mwenye lodge mmoja tovuti ya WordPress, kwa kiolezo cha bure nilichokipenda sura yake. Asubuhi moja akanipigia: wageni wakifungua tovuti wanakuta sentensi moja tu, kwamba kuna hitilafu kubwa. Seva ilikuwa imehamishwa kutoka PHP 7 kwenda PHP 8, na kiolezo changu kilikuwa kikitumia amri iitwayo create_function, ambayo PHP 8 iliiondoa kabisa. Leo naweza kulieleza kwa mstari mmoja. Siku ile sikujua hata mahali pa kwenda kulisoma kosa lenyewe. Nilibonyeza kila kilichobonyezeka, nikafuta programu-jalizi, vile vipande vya kuiongezea WordPress kazi, ambazo hazikuwa na hatia yoyote, na katika kufuta huko nikapoteza fomu ya wageni ya kuwekea nafasi. Siku mbili zikapita hivyo. Mwenye lodge hakunigombeza, na upole wake ndio uliniuma zaidi. Nilikuwa nimemkabidhi nyumba ambayo mimi mwenyewe sikujua mabomba yake yamepita wapi.

Turudi kwenye ile 8079, maana ndani yake kuna jibu kubwa kuliko linavyoonekana. Binti hakukosea hesabu. Kwenye JavaScript, lugha aliyoiandikia hesabu ya ukurasa wake, kitu chochote mtu anachokiandika ndani ya kisanduku hupokelewa kama maandishi, hata kama ni tarakimu tupu. Na alama ya kujumlisha ina kazi mbili: ikikutana na namba inazijumlisha, ikikutana na maandishi inayaunganisha. Kwa hiyo kompyuta ilichukua "80" na "79" ikayabandika pamoja, kama vile mtu anavyounganisha "koro" na "sho". Dawa yake ni kuiambia kwanza kwamba haya ni namba, kwa kuzungushia Number() kila kisanduku. Akaandika, akabonyeza, 159 ikatokea. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kwa nini kompyuta isijue yenyewe. Hilo swali ndilo lililonifanya nisogeze kiti.

Nikamwambia aweke 0.1 na 0.2. Jibu: 0.30000000000000004. Akadhani ameharibu tena. Hakuharibu kitu. Kompyuta hutunza namba kwa mfumo wa sifuri na moja, na sehemu ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo huo, kama ambavyo sisi hatuwezi kumaliza kuandika theluthi kwa desimali, tunabaki na 0.333 isiyokwisha. Python, lugha nyingine ya programu, nayo itakupa jibu hilohilo. Kwenye kilo mbili tatu huoni tofauti, ila ukiandika programu inayojumlisha malipo ya mamia ya wakulima, vipande hivyo vinaweza kukuletea jumla isiyolingana na vitabu. Ndiyo maana anayeandika programu ya fedha hufanya hesabu kwa shilingi kamili, au kwa gramu kama ni uzito, na kugawanya mwishoni tu wakati wa kuonyesha.

Angeweka kikokotoo kilichotengenezwa tayari kwenye WordPress, angepata 159 papo hapo na asingeuliza lolote. Kwa baba yake hilo lingetosha kabisa. Kwake yeye lisingetosha. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Jasho la mkulima wa Newala na Tandahimba linapita kwenye programu iliyoandikwa na mtu. Natamani sana siku moja miongoni mwa watu hao awemo mtoto wa huku, anayejua gunia linapimwaje na mzee anaandikaje namba zake. Kwa kubandika violezo peke yake hafiki huko.

Hata hivyo, watu wa msimbo nao wanawapoteza vijana, tena kwa kujiamini. Mtu anauliza aanzie wapi, anajibiwa: jifunze React. React, mkusanyiko wa msimbo wa JavaScript ulioandikwa tayari wa kujengea kurasa, ilitoka mwaka 2013 kutoka Facebook, na ilitengenezwa kwa matatizo ya ukubwa wa Facebook. Kabla hujaandika neno lako la kwanza unapakua vifaa vyake, na folda moja iitwayo node_modules inajaa maelfu ya mafaili madogo. Kwenye kompyuta iliyotumika, yenye kumbukumbu ndogo, na bando la wiki linalogawanywa na wadogo zako, siku ya kwanza inaisha unatazama mstari wa kupakua. Juu ya hapo anaelekezwa kozi ya video ya saa kumi. Nani anailipia hiyo mitandao? HTML inayopanga ukurasa, CSS inayoupamba na JavaScript ya kawaida zinahitaji Notepad na kivinjari ambacho tayari unacho. Ukurasa wa yule binti ulikuwa mwepesi kuliko picha moja ya simu. Maelezo ya tovuti za mafunzo za MDN na W3Schools ni maandishi zaidi kuliko video, yanasomeka hata kwa simu. Na ukifika hatua ya PHP, XAMPP, programu inayoifanya kompyuta yako iwe seva, inapakuliwa mara moja tu, halafu inazunguka mtaa mzima kwa flashi na kufanya kazi bila intaneti.

Hili la kufanya kazi bila intaneti silisemi kwa kubahatisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa na mafaili yake kwenye kompyuta aliendelea kuandika. Aliyekuwa anajifunzia kila kitu mtandaoni alikaa akisubiri.

Wapo wanaouliza kuhusu Python. Ni lugha nzuri, inasomeka kirahisi, na kwa anayependa takwimu ndiyo ya kushika. Ila kivinjari kinaelewa JavaScript, kwa hiyo anayetaka tovuti hatazikwepa HTML na JavaScript hata akianza na Python. Na wapo wanaosema siku hizi akili mnemba inaandika yote. Inaandika, kweli, na kwa kosa kama la 8079 itakupa marekebisho kwa sekunde chache. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini lazima uwe umeona kwamba 8079 si jibu. Kwa magunia mawili mtu yeyote anaona. Kwa makato ya malipo yenye safu ishirini haoni isipokuwa anayejua kinachofanyika chini.

Basi nilimwambia nini? Nilimwambia aendelee na alichokishika kwa miezi mitatu hivi: HTML, CSS, na JavaScript isiyo na vikorombwezo, akijenga vitu vya nyumbani kwao. Baada ya hapo aisimike WordPress kwenye kompyuta yake mwenyewe, afungue mafaili ya kiolezo na kusoma PHP iliyomo, abadilishe mstari mmoja mmoja aone kinachovunjika. Akifika hapo atachukua kazi za lodge na shule bila hofu niliyokuwa nayo mimi, na wakati huohuo mlango wa kwenda mbele uko wazi. React na wenzake wasubiri mpaka apate tatizo linalowahitaji.

Siwezi kumpa kila mtu jibu hilo. Kijana ambaye leo hii ana mteja mkononi, na nyumbani hali si nzuri, achukue kazi kwa WordPress, asione aibu. Ila namsihi mambo ambayo mimi sikuyafanya. Awe na nakala rudufu ya tovuti nje ya seva, na aijaribu kuirudisha kabla ya siku ya shida. Aandike kwenye daftari toleo la PHP na jina la kila programu-jalizi aliyoiweka. Na jina la tovuti alisajili kwa jina la mteja, si la kwake, maana nimekuta wafanyabiashara waliopoteza jina la biashara yao kwa sababu kijana aliyewasajilia alihama mji na namba yake haipatikani. Huo ni uaminifu wa kawaida, kama wa fundi anayekukabidhi funguo zote za nyumba yako. Kwa upande mwingine, anayelenga kuajiriwa Dar es Salaam, au kufanya kazi za nje akiwa hapahapa, apite njia ya msimbo moja kwa moja na azame zaidi. Kwenye usaili atapewa tatizo aandike suluhisho mbele ya watu, na hapo violezo havitamsaidia.

Mwenzake bado anaona nimemchelewesha. Inawezekana. Miezi mitatu bila kipato si kitu kidogo kwa nyumba inayosubiri malipo ya korosho, na kama baba yake asingekuwa na shamba, huenda ningemwambia vingine.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wenye picha ya kioo cha simu ya mzee. Ameuhamishia ukurasa humo, unafunguka bila bando, na sasa una kisanduku cha tatu cha bei na cha nne cha makato ya kila kilo. Mahali pa jibu pameandikwa NaN. Chini ya picha ameandika: "Kaka, baba kaandika 1,200 na mkato katikati, kama anavyoandika kwenye daftari lake. Inasema si namba. Usinijibu kwanza, natafuta mwenyewe."