Kidole hakikusema uongo

Machi 2004 mabomu yalilipuka kwenye treni za Madrid, yakaua watu zaidi ya 190. Kwenye mfuko wa plastiki wenye viwashio vya mabomu, polisi walikuta alama ya kidole. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, wakatamka kwamba ni ya wakili mmoja wa Oregon, Marekani, kwa uhakika wa asilimia 100. Wahispania walitia shaka, hawakusikilizwa. Wakili alikaa kizuizini wiki mbili hivi, mpaka Hispania ilipomtambua mwenye kidole, raia wa Algeria. FBI ikaomba radhi.

Kisa hiki ndiyo fimbo ya kila anayeibeza sayansi ya jinai. Lakini kidole hakikusema uongo. Lililokosea ni jicho. Uchunguzi rasmi ulibaini kwamba dini ya wakili huyo, Uislamu, huenda ilichangia wataalamu kutorudia kazi yao hata baada ya jibu lao kutiliwa shaka. Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror aliwapa wataalamu 5 alama za vidole walizowahi wenyewe kuzithibitisha kuwa zinafanana, akawadanganya kuwa ndizo za kosa la Madrid. Wanne wakabadilisha jibu.

Sasa tuiondoe sayansi, tubaki na nini? Na mashahidi wa macho, na watu wanaokiri. Mwaka 1986, Leicestershire, Uingereza, kijana wa miaka 17 alikiri kumuua msichana. Vipimo vya vinasaba (DNA) vya mwanasayansi Alec Jeffreys vilionyesha si yeye. Muuaji halisi alihukumiwa 1988. Kijana yule, mdomo wake mwenyewe ulimfunga, maabara ikamfungua.

Hata vinasaba si msahafu. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke ambaye vinasaba vyake vilionekana kila mahali, hadi 2009 ilipobainika vilitoka kwenye vijiti vya pamba vya kuchukulia sampuli, vilivyochafuliwa kiwandani. (Jambazi aliyezagaa hivyo alipaswa kuwashtua mapema.)

Wapo wanaotaka mtaalamu asielezwe chochote kuhusu kesi. Wapelelezi hujibu kwamba bila maelezo hatajua apime nini, nao wana hoja. Basi mmoja ayajue maelezo na kuchagua vipimo, mwingine alinganishe, tena aandike anachokiona kwenye alama ya eneo la tukio kabla hajaonyeshwa ya mtuhumiwa. Na kizimbani, kabla ya kuulizwa ana uhakika kiasi gani, aulizwe: ulikuwa umeambiwa nini kuhusu mshtakiwa ulipoanza kuangalia?