Mangi Kaficha Sigara

Jamani, Mangi wa hapa kwetu Majengo kaficha sigara. Zilikuwa zinakaa mbele, jirani na viberiti. Sasa ziko chini, zimezibwa na kipande cha kitenge. Binti yake anayesomea mambo ya afya karudi likizo na somo: Iceland walianza kuzificha madukani 2001, Ireland 2009, Uingereza maduka makubwa 2012, maduka madogo 2015. Hata Uganda hapo jirani, sheria yao ya 2015 inakataza kuzianika dukani. Mtoto asizione kila akitumwa sukari, asije akazizoea. Sawa, sayansi sibishani nayo. Tabu yangu ni foleni.

Maana mtu mzima ulikuwa unapenyeza kidole kwenye nondo, Mangi anaelewa, unaondoka na heshima yako. Jana nyuma yangu kasimama mzee wa kanisa, anayejua kwamba mimi niliacha tangu Pasaka. Nikanyoosha kidole palepale pa siku zote. Mangi akanipa sabuni. Nikatikisa kichwa. Akanipa dawa ya mbu. Nikamkonyeza.

"Baba Upendo, macho yanakuuma?"

"Zile za chini," nikanong'ona.

"Viazi?"

"Za kwenye pazia, Mangi."

"Ahaa, SIGARA! Pakiti au mojamoja?"

Sauti ikafika Kiborloni. Mzee wa kanisa akakohoa, na hakuna aliyekuwa amewasha kitu. Nikajikaza, nikasema nimetumwa na fundi.

"Fundi yupi tena, mwanangu? Si ulishahamia?"

"Wa choo, mzee."

Uso ukamng'aa. Kumbe choo chake nacho kinamtesa, anatafuta fundi mwaminifu. Kesho anapita kwangu aonane naye! Mangi, badala ya kunyamaza, akadakia kwamba hata yeye anamhitaji. Chenji yangu akanipa pipi. Mimi na kipara changu, pipi nne.

Binti kamuokoa mtoto wa darasa la pili, sawa, lakini baba wa watu nani anamuokoa? Wangetundika hata namba tu, niseme "nipe tatu" nikajiondokee!

Sasa nina choo kizima na natafuta fundi wa kukitengeneza. Nimempata mmoja, kataka nauli kwanza, nimetuma. Tangu asubuhi yuko njiani. Nikipiga anasema yuko hapa Memorial, anavuka barabara, huku nyuma namsikia mkewe anamuuliza kama aongeze ugali.