Vitunguu vya dakika 5

Hivi hawa wanaotuandikia mapishi ya zamani "kwa njia rahisi" huwa wanayapika kweli? Juzi nilitamani ule mchuzi mzito wa nyama wa bibi, nikafuata maelekezo: "Kaanga vitunguu dakika 5 hadi viwe vya kahawia." Dakika 5! Kitunguu kimejaa maji. Mpaka yakauke na sukari yake ianze kugeuka rangi, kwa moto mdogo, ni dakika 40 hivi. Mimi nikaongeza moto. Kingo zikaungua, katikati vibichi, jikoni moshi mtupu. Bibi hakuwa na saa, lakini hakunidanganya: "Koroga mpaka mkono uchoke." Na nyama ya shingo, eti nusu saa tu! Meno bado yananiuma.