Dakika 30 za nyongeza zibaki, bao la dhahabu lisirudi

Kila mashindano makubwa yakiingia hatua ya mtoano, mjadala uleule huibuka: timu zimemaliza dakika 90 zikiwa sare, kuna haja gani ya kuwakimbiza wachezaji nusu saa nyingine ilhali mara nyingi mwisho wake ni matuta, yaani mikwaju ya penalti? Wapo wanaotaka twende moja kwa moja kwenye penalti. Wapo wanaotaka bao la dhahabu lirudi, anayetangulia kufunga amalize kazi. Mimi nasimama na dakika 30 kamili, ingawa wanaopinga wana hoja zenye uzito.

Iliyo nzito kuliko zote ni ya uchovu. Kwenye Kombe la Dunia la 2018, Croatia ilicheza muda wa nyongeza mara tatu mfululizo: dhidi ya Denmark, dhidi ya wenyeji Urusi, kisha dhidi ya Uingereza kwenye nusu fainali. Ukijumlisha ni dakika 90, mechi nzima ya ziada. Ufaransa ilifika fainali bila kucheza hata dakika moja ya nyongeza, na ilikuwa na siku moja zaidi ya mapumziko. Ikashinda 4-2. Siwezi kudai kwamba uchovu ndio ulioifunga Croatia, kwa sababu ilianza fainali ile vizuri na kwa muda mrefu ikawabana Wafaransa. Lakini hakuna kocha ambaye angekubali kwa hiari kuingia fainali na hesabu kama hiyo.

Amerika Kusini wameliona hilo na kuchukua hatua. Kwenye Copa America ya 2024, robo fainali na nusu fainali zikiisha sare zilikwenda moja kwa moja kwenye matuta, na Argentina iliitoa Ecuador kwa njia hiyo. Fainali pekee ndiyo iliyoachiwa dakika 30, na humo Lautaro Martínez akaifunga Colombia dakika ya 112 kwa pasi ya Giovani Lo Celso, wote wawili wakiwa wametokea benchi. Sasa nauliza: kama matuta yanatosha kumpata mshindi wa robo fainali, mbona kwenye fainali hayaachiwi kazi hiyo mapema? Kombe likiwa mezani, hata wao wanataka kwanza litafutwe kwa mpira unaochezwa na timu nzima.

Hata hivyo, bao lile linaonyesha udhaifu mwingine. Muda wa nyongeza humpa nafasi mwenye benchi nene. Mario Götze naye, aliyeipa Ujerumani Kombe la Dunia la 2014 dakika ya 113, alitokea benchi, na krosi ilipigwa na André Schürrle, mchezaji mwingine wa akiba. Timu yenye wachezaji 12 au 13 wa uhakika haiwezi kufanya hivyo. Kwake, matuta ya mapema ni ahueni, na siwezi kuwalaumu mashabiki wake wakiyaombea.

Bao la dhahabu ni habari nyingine, na hapa msimamo wangu ni mkali. Lilipoanza kutumika miaka ya 1990, nia ilikuwa njema: timu zishambulie, mechi ziishe haraka, matuta yapungue. Oliver Bierhoff akaipa Ujerumani Euro ya 1996 dakika ya 95, David Trezeguet akaipa Ufaransa ya 2000. Senegal ilionja pande zote mbili ndani ya siku chache mwaka 2002: Henri Camara aliitoa Sweden dakika ya 104, kisha kwenye robo fainali Ilhan Mansiz wa Uturuki akaifungashia virago Senegal yenyewe dakika ya 94. Mabao hayo yanakumbukwa. Kinachosahaulika ni woga uliotangulia, maana kosa moja la beki lilikuwa halina dawa, na kocha mwenye akili alijilinda kwanza. Kosa la mwamuzi nalo lilikuwa halina dawa. Likajaribiwa bao la fedha, ambapo mechi ingeisha kwenye mapumziko ya muda wa nyongeza kama timu moja ingekuwa inaongoza. Nusu fainali ya Euro 2004, Traianos Dellas wa Ugiriki akafunga kwa kichwa mwishoni kabisa mwa kipindi hicho cha kwanza, na Jamhuri ya Czech haikupata hata nafasi ya kujibu. Sheria zote mbili zikafutwa mwaka huohuo.

Angalia tulichokipata kwa kuziacha. Robo fainali ya Kombe la Dunia la 2022, Neymar aliifungia Brazil bao zuri sana dakika za majeruhi za kipindi cha kwanza cha nyongeza. Kwa sheria ya zamani, Croatia ingekuwa njiani kwenda nyumbani. Brazil, ikiongoza, ikaendelea kupeleka watu mbele, na dakika ya 117 ikapigwa kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza. Mislav Oršić akapasia kutoka kushoto, Bruno Petković akapiga, mpira ukamgonga Marquinhos na kuingia. Lilikuwa shuti la kwanza la Croatia kulenga goli usiku ule. Croatia ikasonga mbele kwa penalti 4-2. Unaweza kusema Brazil haikustahili kutoka. Lakini ilipewa dakika za kulinda bao lake na ikashindwa, na kuweza kulinda bao ni sehemu ya mpira.

Kuhusu matuta yenyewe sina ugomvi. Kabla ya kuidhinishwa mwaka 1970, sare ingeweza kuamuliwa kwa sarafu, kama Italia ilivyoitoa Umoja wa Kisovyeti kwenye nusu fainali ya Euro 1968. Penalti angalau zinapigwa na mguu wa mchezaji na kuzuiwa na mikono ya kipa.

Kwa hiyo ratiba zikibana, nakubali raundi za awali za makombe ya ndani ziende matuta moja kwa moja, kama Kombe la Ligi la Uingereza linavyofanya tangu msimu wa 2018/19. Kwenye mtoano wa Kombe la Dunia na mashindano ya mabara, timu zipewe dakika 30 zote, na anayetaka kuwapunguzia wachezaji mzigo aanze kwa kuhakikisha wanaokutana fainali wamepumzika siku sawa.